Msumari wa Nkambo: historia fupi ya utando mwembamba, toka Shituru hadi leza



Leo sitaandika juu ya ajira wala juu ya diploma zetu zinazokaa kabatini. Nataka kuandika juu ya msumari mmoja. Mkinivumilia mpaka mwisho, mtaona kwamba ndani ya huo msumari mna historia ya mji wetu, na mna pia jibu la swali lililonisumbua mwaka mzima wa mwisho wa masomo.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Nkambo wangu, yaani babu mzaa baba, alikuwa amekwisha kustaafu. Siku moja aliweka maji ya bluu kwenye bilauri, maji yenye salfeti ya shaba. Akachukua msumari wa chuma, akausugua kwa mchanga mpaka uking'aa, akautumbukiza. Tukahesabu pamoja mpaka sitini. Alipoutoa, msumari ulikuwa mwekundu. Niliruka kwa furaha: Nkambo ametengeneza shaba! Basi akanipa kitambaa, akasema, sugua. Nikasugua. Wekundu wote ukabaki kwenye kitambaa, na msumari ukatokea chini yake mweusi-mweusi, kama umeungua.

“Ile shaba imekamata, mwana, lakini haikushika,” akaniambia.

“Juu ya nini, Nkambo?”

“Juu chuma nayo iko inakuliwa.”

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa miaka kumi na tano baadaye, nikiwa nasomea metalijia. Nilipeleka mada ya kazi yangu ya mwisho: jinsi utando mwembamba uliowekwa kwa leza unavyofanya na metali iliyo chini yake. Jibu lilikuja kwa upole: mada nzuri, lakini leza ya namna hiyo hatuna, chagua kitu cha hapa. Sina lawama, leza kweli hatukuwa nayo. Kilichoniuma ni yale maneno “kitu cha hapa”. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba sayansi ya utando mwembamba ni ya watu wa mbali. Kumbe nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilikuwa kosa la historia kabla ya kuwa kosa la fizikia.

Tuanze na mji wenyewe

Watu wa nje wanaijua Likasi kwa mambo mawili: urani ya Shinkolobwe, na vita vya Jadotville vya Septemba 1961. Jadotville ndilo jina la kikoloni la mji wetu, lililotokana na Jean Jadot, mkubwa wa kampani za Kibelgiji. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua jambo la tatu, ambalo halijatengenezewa filamu: Shituru.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ikayeyusha shaba yake ya kwanza kwenye tanuru za Lubumbashi. Tanuru inataka mawe tajiri na makaa mengi. Lakini sehemu kubwa ya mawe yetu ni ya kijani, malakiti na ndugu zake, ambamo shaba imeungana na oksijeni na kaboni. Mawe ya namna hiyo yanayeyuka vizuri ndani ya asidi ya salfa. Ndiyo maana mwaka 1929 Shituru ilianza kutoa shaba kwa njia ya maji na umeme: saga jiwe, litie kwenye asidi, pata maji ya bluu, kisha pitisha umeme ili shaba itoke majini ikae juu ya bamba. Umeme mwingi ulitakiwa, na mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha likaanza kuutoa kutoka maporomoko ya mto Lufira.

Wenzangu wa historia mara nyingi husimama hapo: tarehe, tani, kampani. Mimi naomba tuingie ndani ya ukumbi wa elektrolisi, tuinamie chombo kimoja, tutazame ngozi za metali. Maana pale ndani kulikuwa na ngozi nyembamba pande zote mbili, na kazi yote ilitegemea hizo ngozi.

Ngozi ya kwanza: risasi inayojilinda

Upande mmoja wa chombo kuna anodi, bamba la risasi. (Ni metali, si ile ya bunduki, ingawa jina ni moja.) Limezamishwa ndani ya asidi kali, na juu yake umeme unavunja maji na kutoa oksijeni. Kwa hesabu ya kawaida, risasi ingepaswa kuliwa yote. Haiishi, kwa sababu oksijeni ileile inaigeuza sura yake ya juu kuwa oksidi ya rangi ya kahawia, ngozi ngumu inayopitisha umeme na kuificha metali iliyo chini.

Ngozi hiyo ina tabia mbili za kukumbuka. Ya kwanza: ikikosa umeme inaharibika. Kuanzia pale mkondo unapokatika, oksidi inaanza kugeuka salfeti ya risasi, inalegea, inabambuka, na vipande vyake vinaweza kuingia ndani ya shaba na kuichafua. Sisi watu wa Likasi tunaojua umeme unavyokatika tunaweza kupima maana yake. Nkambo alikuwa anasema, taa zikizimika nyumbani unatafuta mshumaa, zikizimika ukumbini unaanza kuomba Mungu.

Ya pili: kobalti kidogo ndani ya yale maji inaifanya ngozi ya risasi idumu zaidi. Inatosha kiasi cha gramu moja au mbili katika lita kumi. Kule Chile viwanda vinanunua salfeti ya kobalti na kuitia kwa makusudi. Kwetu Katanga, kobalti inakuja yenyewe ndani ya jiwe la shaba. Tulikuwa nayo ndani ya maji kabla hatujaisikia kwenye habari za simu na magari ya umeme.

Ngozi ya pili: shaba inayopaswa kubanduka

Upande wa pili wa chombo kuna katodi, na hapo ndipo Nkambo alikula ujana wake. Katika njia ya zamani, unaanza na bamba mama la shaba. Unalipaka mafuta mepesi au sabuni, unalizamisha siku moja hivi, na juu yake shaba mpya inajenga karatasi nyembamba. Karatasi hiyo inabanduliwa kwa mkono, inawekewa masikio ya kuning'inizia, kisha inarudishwa ndani inenepe mpaka iwe katodi kamili.

Sasa sikilizeni siri yake. Shaba ikitua juu ya shaba safi haioni mpaka. Atomu mpya zinajipanga kufuata mpango wa zile za chini, kama vile watoto wanaoendeleza mstari uliokwisha kupangwa. Baada ya siku moja huna mabamba mawili tena, una bamba moja nene, na hakuna mtu wa kulibandua. Mafuta yakizidi nayo ni shida, shaba inatua kwa madoa, inakuwa na mashimo na mabonde. Kwa hiyo kati ya mama na mtoto lazima kuwe na kitu chembamba sana, kisichoonekana kwa macho, kinachoruhusu umeme upite na kukataza metali zisiungane.

Nkambo hakusoma fizikia ya mipaka ya metali. Lakini aliweza kupitisha kidole juu ya bamba na kusema, hili litabanduka, hili litatusumbua.

Mwaka 1978, kule Townsville nchini Australia, kiwanda cha kusafisha shaba cha Mount Isa kilianza kutumia katodi za kudumu za chuma kisichoshika kutu. Hakuna kupaka mafuta. Shaba inatua, inanenepa, inabanduliwa kwa mashine. Kwa nini haishiki? Kwa sababu chuma hicho kina kromi, na kromi inajitengenezea utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Karatasi ya daftari lako ina unene wa nanomita kama 100,000, piga hesabu mwenyewe. Utando huo mdogo hivyo unatosha kuamua kama bamba zito la shaba litashika au litaachia. Lakini uso wa chuma ukichubuka, au ukitobolewa na kloridi iliyo ndani ya maji, shaba inang'ang'ania palepale. Teknolojia ilikuwa mpya, ila swali lilikuwa lilelile la kidole cha Nkambo.

Leza inaingia

Tarehe 16 Mei 1960, wiki chache kabla ya uhuru wetu, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko Malibu, California. Ilitumia kito cha rubi. Miaka mitano baadaye, 1965, Smith na Turner wakachapisha kazi ya kuonyesha kwamba mwanga wa leza ya rubi unaweza kurusha kitu kutoka sehemu moja na kukitandaza kama utando juu ya kitu kingine.

Njia yenyewe, kwa maneno ya nyumbani, ni hii. Ndani ya chumba kisicho na hewa unaweka kidonge cha kitu unachotaka kutandaza. Unakipiga kwa mapigo ya leza, kila pigo likidumu sehemu chache za bilioni za sekunde. Sura ya kidonge haipati muda wa kuyeyuka taratibu, inaruka kama moshi unaowaka. Moshi huo unatua juu ya bamba lililo mbele yake, pigo baada ya pigo, mpaka utando unajengeka. Uzuri wake ni kwamba kitu chenye viungo vingi kinafika upande wa pili karibu na vipimo vyake vilevile.

Kwa miaka zaidi ya ishirini njia hii ilibaki ya watu wachache. Kilichoipa jina ni shaba. Naam, shaba! Mwaka 1987 iligunduliwa oksidi ya itiriamu, bariamu na shaba, inayopitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo ikipozwa chini ya nyuzi 181 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka huohuo watafiti wa Bellcore, New Jersey, wakaitandaza kwa leza, na utando wao ukafanya kazi vizuri. Kuanzia hapo maabara nyingi zikafuata.

Lakini kulikuwa na tatizo. Tando hizo nzuri zilikaa juu ya vigae vya kauri ghali, na kigae hakikunjwi. Ukitaka waya wa umeme unahitaji metali, kitu kinachoviringishwa kwenye gurudumu. Basi wakajaribu nikeli. Na hapo ndipo watafiti walikutana na msumari wa Nkambo.

Ili utando wa namna hiyo ujipange vizuri, bamba la chini linapashwa moto kwenye nyuzi 700 hadi 800, ndani ya oksijeni. Katika moto huo nikeli hailali. Inafanya mambo matatu. Kwanza inakula oksijeni na kuota oksidi yake yenyewe, bila mpango. Pili, atomu zake zinapanda juu, zinaingia ndani ya utando na kuutia sumu, mpaka ule upitishaji wa ajabu unapungua au unapotea. Tatu, wakati wa kupoa, metali na utando havijikunji kwa kipimo kimoja, kwa hiyo utando unaweza kupasuka au kubambuka. Mhandisi alidhani ameweka kitu juu ya meza. Meza ikaanza kula chakula.

Dawa ilipatikana miaka ya 1990, Japani na Marekani. Katika maabara ya Oak Ridge, mwaka 1996, walionyesha njia ya kutumia nikeli iliyoviringishwa mpaka chembe zake zinatazama upande mmoja, kisha kabla ya utando wenyewe wakatandaza tabaka nyembamba za kati, oksidi za seriamu na za zirkoniamu. Tabaka hizo zinafanya kazi ya mshenga: zinapatana na metali, zinapatana na utando, na zinazuia hao wawili wasigusane moja kwa moja. Zinapitisha mpangilio wa chembe, lakini hazipitishi atomu za nikeli.

Turudi kwenye bilauri

Sasa ninaweza kueleza msumari. Katika maji ya bluu, kila atomu ya shaba inayotua inanunuliwa kwa atomu moja ya chuma inayoondoka. Utando unajengeka huku msingi wake unabomoka. Ni kama kuezeka nyumba huku mtu anavuta matofali ya chini. Ndiyo maana shaba ilikamata na haikushika. Na viwanda vinavyotaka shaba ishike kweli juu ya chuma hutanguliza mara nyingi tabaka jembamba la nikeli. Mshenga tena!

Ukiweka haya yote pamoja utaona kwamba ni swali moja lililoulizwa kwa namna tatu. Shituru waliuliza: tufanye nini ili utando ujengeke lakini usiungane na ulicholalia? Watu wa leza wakauliza: tufanye nini ili uungane lakini usiliwe? Nkambo akauliza kwa bilauri na kitambaa: kwa nini unakamata bila kushika? Jibu la wote linakaa mahali pamoja, kwenye ule mpaka wa nanomita chache kati ya kitu cha juu na kitu cha chini. Metali iliyo chini si meza, ni mshiriki. Hilo lilikuwa kweli kwenye ukumbi wa Shituru mwaka 1929, na ni kweli leo kwenye maabara yoyote yenye leza.

Basi kosa langu lilikuwa hapo. Nilidhani kifaa ndicho sayansi. Leza ni kifaa. Sayansi ni lile swali, na lile swali lilikuwa likifanyiwa kazi mjini kwetu kila siku, zamu tatu, na watu waliokuwa wanarudi nyumbani na mashimo ya asidi kwenye nguo.

Kilichopotea

Sitaki niwape hadithi tamu tu. Swali lilikuwa kwetu, lakini majibu hayakuandikwa na sisi. Wakati wa Union Minière, mfanyakazi Mwafrika alitakiwa mikono yake, na madaftari ya maabara yalikuwa ya wengine. Kampani ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na wahandisi Wakongo wakaingia kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Tunapenda kuhesabu hasara hiyo kwa tani na kwa mishahara. Mimi nahesabu pia vidole: vidole vilivyojua bamba gani litabanduka, vikarudi nyumbani kulima mihogo, vikazeeka, vikazikwa. Nkambo alizikwa na vyake. Sikumuuliza alikuwa anahisi nini kwenye lile bamba, utelezi, baridi au mkwaruzo. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mwanafunzi mwenye haraka.

Na hasara hiyo inaendelea kwa sura nyingine. Leo nchi yetu inachimba zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia. Nyingi inaondoka kama hidroksidi, unga wa kutia ndani ya mifuko. Mbali na hapa inageuzwa kuwa oksidi ya lithiamu na kobalti, ile iliyoelezwa na kundi la Goodenough huko Oxford mwaka 1980 na kuingia kwenye betri za Sony mwaka 1991. Wapo wanaoitandaza kwa leza, wapate betri nyembamba kuliko karatasi. Na nadhani mmekwisha kukisia tatizo lao: utando huo unataka moto ili ujipange, na katika moto metali nyingi za chini zinaanza kufanya nao. Kwa hiyo wanatumia platini au dhahabu, metali zisizopenda ugomvi, au wanatafuta mshenga. Kobalti imetoka kwetu, na swali nalo ni lile tulilokaa nalo tangu 1929. Kwa nini tushangae tukialikwa kulijibu?

Mwaka 2022 kulizinduliwa Lubumbashi kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, kwa ushirikiano wa vyuo vya Kongo na Zambia. Ni mwanzo. Lakini kituo kinahitaji watu wanaojua kuuliza, na kuuliza hakuhitaji leza.

Kwa hiyo, wadogo zangu, nimefanya hivi. Kazi yangu ya mwisho niliiandika juu ya anodi za risasi na kobalti, kitu cha hapa kama nilivyoagizwa, nikaona ni mada ileile niliyokataliwa, imevaa tu koti la kazi. Na sasa kila Jumamosi naenda kumtembelea mzee mmoja baada ya mwingine, wale waliobaki wa kumbi za elektrolisi. Ninabeba daftari, sukari na sabuni, kama adabu yetu inavyotaka. Ninawauliza jambo moja tu: mzee, ulijuaje kwamba bamba litabanduka? Mmoja amesema ni mlio wake ukiligonga. Mwingine amesema ni rangi ya ukingo. Wa tatu alicheka sana, akaniomba nimletee msumari na maji ya bluu.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, wa Shituru, wa Panda, wa Kambove, wa Kolwezi au Lubumbashi, usingoje mwaka ujao. Kaa naye, andika, weka tarehe. Halafu tuletee hapa tusome wote.